Dawa za kuzuia mwili kukataa figo: kazi yake, na kwa nini hazina mwisho

Dawa za kuzuia mwili kukataa figo ni dawa anazotumia mtu aliyepandikizwa figo ya mtu mwingine ili kinga yake ya mwili isiishambulie figo hiyo. Hazitibu figo, haziongezi damu, wala si dozi ya kumaliza kama ya malaria. Mgonjwa huanzishiwa wakati wa upasuaji, pengine kabla yake, na huendelea nazo maadamu figo ile inafanya kazi. Wenye ini au moyo wa kupandikizwa nao huzitumia, ila hapa nabaki kwenye figo, kwa sababu ndiyo tunayoishuhudia zaidi huku kwetu Tanzania. Hospitali ya Muhimbili ya Dar es Salaam ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, na wenzetu wa Kenya walikuwa wametutangulia.

Kila seli ya mwili ina alama juu yake, alama ambazo mtu hurithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Chembe nyeupe za damu huzunguka zikikagua alama hizo. Zikikuta ngeni, hupeana taarifa, huzaliana kwa wingi, kisha hushambulia. Hazina namna ya kujua kwamba hii ngeni ni figo aliyoitoa dada mtu kwa mapenzi yake. Hata ndugu wa tumbo moja wanaolingana vizuri kwenye vipimo wana tofauti ndogondogo zinazotosha kuzichokoza. Walio salama ni mapacha wa kufanana tu. Ndiyo maana upandikizaji wa figo uliofanikiwa kwa mara ya kwanza, Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954, ulikuwa wa mapacha wa aina hiyo: daktari Joseph Murray na wenzake walichukua figo ya Ronald Herrick wakampa Richard, na ikafanya kazi bila dawa yoyote ya kushusha kinga. Asiyekuwa na pacha ilibidi asubiri dawa. Azathioprini ilianza kusaidia miaka ya 1960. Siklosporini, iliyopatikana kutoka kwa kuvu wa udongoni, iliruhusiwa Marekani mwaka 1983 na ikabadilisha hali kabisa. Mwaka 1984 watafiti wa Japani wakaipata takrolimasi kutoka kwa bakteria wa udongo wa Tsukuba, na ndiyo inayobeba mzigo mkubwa leo.

Wagonjwa wengi utawakuta na dawa tatu kwa pamoja: takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni. Takrolimasi huzuia chembe nyeupe isitoe ile taarifa ya kuamsha nyingine. Mikofenoleti huzinyima chembe hizo malighafi ya kutengenezea vinasaba, kwa hiyo hata zikiamka haziwezi kuzaliana haraka. Prednisoloni hutuliza uvimbe na hasira ya kinga kwa ujumla. Zinachanganywa hivyo ili kila moja itolewe kwa kipimo kidogo, maana yoyote kati ya hizo ikitolewa peke yake kwa wingi, madhara yake ni makubwa.

Takrolimasi ndiyo inayohitaji uangalifu kupita zote. Ikipungua kwenye damu, mwili unaanza kuikataa figo. Ikizidi, dawa yenyewe inaiumiza figo ileile iliyopaswa kulindwa. Kwa hiyo mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara, hasa miezi ya mwanzo, na damu hiyo hutolewa kabla ya dozi ya asubuhi, pale dawa inapokuwa imefikia kiwango chake cha chini. Tuseme anameza saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Siku ya kliniki anatoka nyumbani bila kumeza, kidonge kikiwa mfukoni, anatolewa damu, ndipo anameza. Akimeza nyumbani halafu akatolewa damu saa nne, majibu yatasoma juu, na daktari asiyeambiwa anaweza kumpunguzia dozi isiyostahili kupunguzwa. Nasisitiza hili kwa sababu ni kosa jepesi kufanya. Watu wamezoea kwamba mgonjwa mwema ni yule aliyekwishameza dawa zake kabla ya kutoka.

Kiwango hicho huyumbishwa pia na vitu vingine. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hukishusha vibaya sana, na kwa nchi zetu zenye kifua kikuu hilo si jambo la pembeni: mgonjwa akianzishiwa dawa za TB bila kliniki ya figo kujua, figo iko hatarini. Baadhi ya dawa za kifafa, kama fenitoini na kabamazepini, nazo hukishusha. Flukonazoli ya fangasi, pamoja na antibiotiki za erithromaisini na klarithromaisini, hukipandisha. Balungi nalo hukipandisha, liwe tunda au juisi, kwa hiyo huachwa kabisa. Diklofenaki na ibuprofeni hazichezei kiwango cha takrolimasi kwa namna hiyo, ila huiumiza figo moja kwa moja, na ndizo mtu anazopewa dukani akisema mgongo unamuuma. Sipendi kabisa yale matangazo ya mitishamba ya kuongeza kinga. Huyu ni mtu ambaye kinga yake imeshushwa kwa makusudi ili aishi.

Hatari kubwa zaidi inakuja pale mgonjwa anapojisikia vizuri. Mkojo unatoka, miguu haijavimba, habari ya kwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki imesahaulika. Vidonge vinamaliza hela, na anaanza kujiuliza kama bado vina kazi. Vina kazi, kwa sababu chembe nyeupe huzaliwa upya kila siku na miongoni mwake zipo zinazoiona figo ile kuwa ngeni, hata ikiwa imekaa miaka kumi. Mwili unapoanza kuikataa, mara nyingi hakuna maumivu. Kinachopanda kwanza ni kreatinini, yaani taka ambayo figo nzima huichuja, kwenye kipimo cha damu. Baadaye ndipo mkojo hupungua, mwili huvimba, presha hupanda, pengine na maumivu chini ya tumbo upande ilipowekwa figo. Ikigunduliwa mapema, dawa kali ya kundi la prednisoloni huwekwa kwenye mshipa kwa siku chache na mara nyingi hali hurudi. Ikichelewa, figo hubaki na makovu, mtu anarudi kwenye mashine, na kingamwili, yaani silaha za kinga alizokwishatengeneza dhidi ya figo ngeni, zinafanya iwe vigumu zaidi kumpatia figo nyingine.

Madhara yapo, tena mengi: mikono kutetemeka, sukari na presha kupanda, uso kujaa, kuhara, na maambukizi kumpata kwa urahisi. Homa kwa mtu huyu si ya kusubiri mpaka kesho. Madhara yaletwe kliniki, kwa sababu dawa inaweza kupunguzwa au kubadilishwa. Mwanamke anayetaka mtoto aseme mapema kabla hajashika mimba, maana mikofenoleti humdhuru mtoto tumboni na hubadilishwa kwanza, mara nyingi kwa azathioprini. Chanjo zenye vijidudu hai, kama ya homa ya manjano, hazifai kwake; akitakiwa cheti cha safari, aombe barua ya daktari ya msamaha.

Watu wakimwona mtu anameza vidonge kwa saa ileile kila siku huhitimisha kuwa ni ARV. Wapo wanaoficha dawa kwa sababu hiyo, na anayeficha ni rahisi kuruka dozi akiwa na wageni. Familia ikijua dawa ni za nini, inamsaidia kukumbuka.

Ramadhani nayo huleta swali lake. Kati ya daku na futari huku kwetu hupita zaidi ya saa kumi na tatu, wakati takrolimasi ya kawaida humezwa kila baada ya saa kumi na mbili, na figo yenyewe inataka maji. Ipo takrolimasi inayomezwa mara moja kwa siku, ila kuhamia kwayo ni uamuzi wa daktari, na damu hupimwa tena baada ya kuhama. Mazungumzo hayo yafanyike Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, au kabla yake, ili pawepo nafasi ya kupima.