Nguvu ya risasi mwilini: maana yake

Nguvu ya risasi mwilini haipimwi kwa ukubwa wa tundu lililo kwenye ngozi. Ni kiasi cha nishati ambacho risasi inaacha ndani ya nyama na mfupa. Ikitoka upande wa pili bado ina mwendo mkali, imeacha kidogo. Ikikwama ndani, imeacha yote.

Risasi ya bastola ya milimita 9 ina gramu 8 hivi na mwendo wa mita 360 kwa sekunde, sawa na nishati ya jouli 500. Ya Kalashnikov ya milimita 7.62 ina uzito karibu huohuo, lakini huenda zaidi ya mita 700 kwa sekunde: jouli 2,000. Mwendo ukizidi mara mbili, nishati huzidi mara nne.

Masasi mengi ya vita yamefunikwa kote kwa koti gumu la metali, kwa hiyo hayabadiliki umbo kirahisi. Ile ya 7.62 inaweza kwenda sentimita 25 hivi ndani ya nyama kabla ya kugeuka ubavu. Ndiyo maana paja huweza kutobolewa kwa njia nyembamba tu. Ya milimita 5.45, ya Kalashnikov za baadaye, ni nyepesi zaidi, lakini hugeuka baada ya sentimita 7 hivi, na uharibifu unaanza mapema. Ikigeuka, nyama husukumwa pembeni kwa nguvu. Misuli na mapafu hunyumbuka na kurudi. Ini na ubongo hupasuka. Mfupa ukigongwa, hesabu zote hubadilika: vipande vyake navyo hukata.

Risasi ya kupanuka ina pua laini au yenye shimo. Ikiingia hufunguka kama uyoga na kumwaga nishati yake mapema. Vitani imekatazwa tangu Azimio la The Hague la 1899, na mwaka 2010, Kampala, Mkataba wa Roma, ule wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, uliongezewa kifungu kinachoifanya kuwa kosa hata katika vita vya ndani ya nchi.

Ya kutoboa chuma ina kiini kigumu na kwa kawaida hupita tu. Marisawa, yaani vipande vidogo vingi vinavyotoka kwa mpigo mmoja, ni hatari sana kwa karibu, yakiwa bado pamoja, mbali hutawanyika.

Goma kuna jambo la kuangalia kwa makini: risasi iliyogonga jiwe la volkeno au bati kwanza. Inafika imeinama au imevunjika, hivyo inachana tangu mlangoni, hata kama ni ya koti gumu. Ukiona jeraha pana, usiseme haraka kwamba ni ya kupanuka. Na ukuta wa mbao hauzuii risasi ya Kalashnikov.

Kwa anayehudumia, kosa baya ni kushona tundu siku hiyohiyo. Risasi haijisafishi kwa joto lake. Inaingiza uchafu na nyuzi za nguo ndani. Bana damu kwa kikwembe safi, kaza, peleka hospitali. Usichokoe kutafuta risasi: ikikaa kwenye msuli mara nyingi haidhuru, ila ndani ya kiungo, kama goti, lazima itolewe, kwa sababu maji ya kiungo huyeyusha madini ya risasi. Daktari akate nyama iliyokufa, sindano ya kukinga pepopunda ichomwe, jeraha liachwe wazi chini ya bandeji. Hufungwa baada ya siku 4 au 5, nyama ikiwa nyekundu, inavuja damu ikiguswa, na haina harufu.