Je, wajua kwa nini mwamba wa baharini ukifungwa usivuliwe kwa miezi mitatu pweza huwa wakubwa?

Mwambie mvuvi wa chewa afunge eneo kwa miezi mitatu, atakuuliza faida iko wapi, na hatakuwa amekosea. Chewa huchukua miaka kukomaa. Pweza ana mambo yake. Huyu wa miamba ya pwani yetu huishi kama mwaka mmoja, mwaka na nusu akizidi, na muda wote huo anakula na kunenepa kwa kasi. Aliyeachwa tunduni akiwa na nusu kilo, baada ya miezi michache anaweza kufika kilo mbili au kupita. Jike akishataga hukaa kulinda mayai yake bila kula, na yakianguliwa hufa. Usipomvua kwa wakati wake, humpati tena.

Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara zinakataza pweza wa chini ya gramu 500. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini nenda mwambani wakati wa bamvua, maji yametoka mbali: mvuvi haoni pweza, anaona tundu lenye maganda ya kaa na kome mlangoni. Anachokoa kwa chuma. Pweza akitoka, keshatobolewa. Mizani ya nini tena hapo?

Kufunga mwamba kunaondoa shida hiyo, kwa kuwa hakuna anayehitaji kukisia uzito wa kitu kilicho shimoni. Mwaka 2004 kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, kilijaribu hivyo kikisaidiwa na shirika la Blue Ventures, na mwaka uliofuata serikali ikaweka msimu wa kufunga uvuvi wa pweza katika eneo hilo. Baadaye watafiti walichambua kumbukumbu za mavuno kabla na baada ya miamba kufungwa, mara 36 kwa nyakati tofauti. Matokeo yao, yaliyotoka mwaka 2015, yalionyesha kuwa katika mwezi wa kwanza baada ya kufungua, mavuno ya miamba hiyo yalipanda kwa zaidi ya asilimia 700 kuliko mwezi wa kabla ya kufunga.

Pemba nako utaratibu huu umefika, Kisiwa Panza kikiwa mfano unaotajwa sana. Mwamba upi ufungwe na ufunguliwe bamvua gani, hayo wanayajua wanaouendea kila siku. Mtafiti anapima na kuandika. Bila sheria ndogo na kamati ya uvuvi ya shehia, wavuvi wa dago, wale wanaotoka mbali na kupiga kambi ufukweni, watakuja na dau lao wavune kilichosubiriwa, na hakuna wa kuwatoza faini.

Kuna jambo huwa halisemwi vya kutosha: nani anayebeba gharama. Ukifungwa mwamba wa karibu na ufuko, wanaoumia ni wanawake wanaovua kwa miguu. Mwanamume mwenye miwani ya kuzamia na chombo huenda kwingine. Siku ya kufungua nayo, wazamiaji wakitangulia, akina mama wanakuta matundu matupu.

Pia usidhani faida hii yote ni ya uzazi. Watoto wa pweza huelea na mikondo kwa wiki kadhaa kabla ya kutua, pengine mwamba wa kijiji kingine kabisa. Faida ya haraka ni uzito wa wale waliobaki, nayo huisha ndani ya wiki chache za kuvuliwa, ndipo wanakijiji wanaporudi kikaoni kupanga tarehe nyingine.