Malaria haikai mwilini maisha yote

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ukidai kwamba ukishaugua malaria, vimelea hujificha kwenye ini maisha yako yote, hivyo unywe dawa kila mwezi "kuvituliza". Si kweli.

Plasmodium falciparum, kimelea kinachosababisha malaria nyingi Afrika Mashariki, huingia kwenye seli ya ini. Kwa kawaida seli iliyovamiwa hujiua ili kuukinga mwili. Kimelea huizuia isife mapema. Lakini hukaa humo takriban wiki moja tu. Kikishazaliana, seli hufa na maelfu ya vimelea vipya huingia kwenye damu, ambako dawa mseto, ukimaliza dozi, huvishambulia. Wanaoweza kulala kwenye ini kwa miezi ni jamaa zake, vivax na ovale, nao wana dawa yao.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka kabisa. Kipimo cha haraka hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo huweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya kupona. Wengine huambukizwa upya na mbu.

Homa ikirudi, omba damu ipimwe kwa hadubini. Ujumbe ule, tafadhali, usiusambaze: kumeza dawa bila kipimo kunaumiza watu.