Hicho kinyago hakina miaka mia tano

Juzi tena. Baba mmoja, ghorofa ya chini ya Hifadhi ya Nyaraka pale Moi Avenue, Nairobi, anamweleza mwanawe kwa sauti ya mwalimu mkuu kwamba kinyago kilicho mbele yao kina "miaka mia tano, au zaidi." Mtoto akapiga picha. Mimi, mfanyakazi wa makumbusho, nikameza mate.

La haraka kwanza. Vitu vile ni vya mkusanyiko wa Joseph Murumbi, waziri wa mambo ya nje, kisha makamu wa pili wa rais wa Kenya kwa miezi michache mwaka 1966. Miaka ya 1970 aliiuzia serikali mkusanyiko wake. Sehemu nyingine iko Nairobi Gallery, jengo la 1913 kando ya Nyayo House. Wala si vya Kenya tu: mna misalaba ya Ethiopia na vinyago vya Afrika Magharibi. Basi.

Sasa umri. Mbao huku kwetu zina maadui: mchwa, unyevu, moto. Kinyago kilichotoka ngomani kikatundikwa darini, mvua ikakivujia masika baada ya masika, kikifika miaka themanini ni mzee. Wenyewe walijua hilo. Kikioza huchongwa kingine, ngoma inaendelea. Vingi vya mbao unavyoviona makumbusho yoyote ni vya karne ya 19 na ya 20. Sanamu za Nok za Nigeria zina zaidi ya miaka 2,000, sawa, lakini zile ni udongo wa kuchomwa. Mchwa hali tofali.

"Mbona ni cheusi hivyo?" Moshi wa jikoni. Au rangi ya viatu, alasiri moja tu. Kuna mafundi wanaofukia mchongo ardhini utoke na sura ya babu, nami siwalaumu: mnunuzi ndiye aliyetaka uzee.

"Si mpime kaboni?" Hapa ndipo ninapochoka. Kipimo cha kaboni huangalia kaboni yenye mnururisho, ambayo mti huivuta hewani ukiwa hai; kinakwambia mbao ile iliota lini, hakikwambii patasi iliigusa lini. Gogo la zamani linaweza kuchongwa jana. Halafu, tangu katikati ya karne ya 17 hadi katikati ya karne ya 20, kiwango cha kaboni hiyo hewani kilipandashuka kiasi kwamba sampuli moja hukupa majibu kadhaa, yote yanawezekana: mwisho wa miaka ya 1600, au katikati ya miaka ya 1700, au enzi za bibi yako. Na hicho ndicho kipindi tunachokihitaji! Juu ya hayo, lazima ukate kipande. Sikati.

Kinachobaki ni tarehe ya kununuliwa, kama iliandikwa, pamoja na jicho: matundu ya kamba yamelika vipi, upande wa ndani una mafuta ya jasho pale panapogusa paji la uso? Jicho nalo, vitabu vya fani havipendi kusema, hukisia. Wataalamu wawili wenye heshima zao watapishana miaka hamsini, kisha wote waandike "mwanzo wa karne ya 20" kwa kuwa kauli hiyo haimfungi mtu. Nami huiandika.

Kinachonikera zaidi ni kwamba umri unaulizwa, jina haliulizwi. Lebo ina kabila na nchi, mchongaji hayumo. Alikuwa na jina, kijiji kizima kililijua. Aliyenunua hakuuliza.

Halafu kuna vigango vya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, nguzo za mbao wanazosimikiwa marehemu wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima. Kigango husimikwa kisihamishwe, kiishie hapo hapo na jua na mchwa. Vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo; baadhi vimerudi, vikiwemo 30 kutoka jumba la makumbusho la Denver, Marekani. Vilivyoibwa ndivyo vilivyobaki vizima. Sasa kimoja kikiingia stoo yetu, tukipulizie dawa ya wadudu, au tuwaache mchwa wamalize kazi waliyocheleweshwa? Wenzangu wa maabara hawapendi nikiuliza hivyo.