Niletee mbuzi: yupi, au ipi?

Mama yuko Wete, Pemba, mimi nakaa Mjini, Unguja. Wiki moja kabla ya Ramadhani kaniletea ujumbe: "Mwanangu, ukija niletee mbuzi." Nikenda zangu Darajani, nikachagua kibao madhubuti chenye ulimi wa chuma, nikayafunga yale meno kwa gazeti yasije yakanichania mkoba. Usiku, kwa uchokozi tu, nikaupitisha ujumbe huo kwenye programu ya kutafsiri. Ikanitolea mnyama.

Kuifunza kompyuta isome Kiswahili ndiyo kazi yangu, kwa hivyo kosa lile lilininyima usingizi kidogo. Maana kwa kawaida lugha yetu haimwachi msomaji gizani. Mbuzi imevunjika, hiyo ya nazi. Mbuzi amevunjika mguu, huyo ana manyoya. Ndege anapaa, ndege inapaa: herufi moja tu imeshatuambia nani ana mayai na nani ana abiria. Kiambishi cha ngeli ni shahidi mzuri mno, na sisi tunaoandika programu tunamtegemea kuliko tunavyokiri.

Sasa tazama shahidi huyo alipopotelea. Ningeambiwa "mlete mbuzi" au "ilete mbuzi", mambo yangekwisha. Lakini kitenzi chetu kina nafasi moja tu ya mtendwa kabla ya mzizi. Mama hakusema "lete", alisema "niletee", na kauli hiyo ya kutendea imemwingiza mtu mwingine kwenye sentensi, yule anayeletewa. Yeye ndiye aliyekalia ile nafasi: ni-. Mbuzi akabaki nje, hana kiambishi cha kumsemea. Jaribu kusema "uniiletee" uone watu watakavyokukodolea macho.

Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliyejenga mfumo wa SALAMA wa kuchambua Kiswahili, alifuata njia ninayoipenda mpaka leo. Kwanza kila neno linapewa maana zake zote zinazowezekana, halafu kanuni zinazifuta zile zisizopatana na maneno ya jirani. Maana ya mwisho iliyobaki haifutwi. Kwa "niletee mbuzi", kanuni za upatanisho hazina pa kushika; maana zote mbili zinabaki zimekaa.

Mifumo ya kisasa ya kutafsiri, inayoitwa ya neva, haiandikiwi kanuni, hujifunza kwenye maandishi mengi neno gani hufuatana na lipi. Mama angetaja nazi au futari, pengine programu ingeelewa. Lakini ujumbe wake una maneno manne. Na hayo maandishi yenyewe? Mbuzi wa Idd huandikwa magazetini. Mbuzi ya nazi hukaliwa uani kila siku, nani anaiandikia habari?

Mwaka 1960 Yehoshua Bar-Hillel, mtafiti wa tafsiri ya mashine, alilieleza tatizo hili kwa sentensi ya Kiingereza, "The box was in the pen" (sanduku lilikuwa ndani ya "pen"), ambamo neno "pen" limebeba kalamu na kizuizi cha mtoto kuchezea. Sanduku limo ndani ya kipi? Anayejua ukubwa wa kalamu hahitaji sarufi. Alitumia mfano huo kudai kwamba tafsiri kamili ya mashine peke yake haiwezekani. Kwa hilo naona alikata tamaa mapema, ila kidonda alikigusa penyewe.

(Msidhani ni maneno ya maana mbili tu. "Kitabu cha jirani kilichopotea" hakina utata. "Mtoto wa jirani aliyelazwa" kalazwa nani? Wote wawili ni watu, ngeli ni moja, shahidi kanyamaza tena.)

Nilichofanya mimi ni kuiachia programu yangu haki ya kutojua. Ikibakiwa na maana mbili zinazokaribiana uzito, haibahatishi, inauliza: yupi, au ipi? Nilipofika Wete nikamwonyesha mama kwenye simu. Akasoma, akaniangalia mimi, akaiangalia simu.

"Kwani wewe ungepanda boti na mbuzi?"