Umesasisha OpenCore, lakini mashine inaamkia ile ya zamani

Swali linalonifikia mara nyingi kutoka kwa watu waliojiundia kompyuta na kuiwekea macOS kwa kutumia OpenCore, programu inayoiamsha macOS kwenye mashine isiyo ya Apple, ni hili: "Nimesasisha OpenCore, mashine imegoma kuwaka. Nifute kila kitu nianze upya?" Usifute. Kabla hujagusa faili yoyote, tafuta jibu la jambo moja: ni OpenCore ipi hasa iliyoiamsha mashine yako mara ya mwisho ilipowaka?

Nauliza hivyo kwa sababu nimewahi kupoteza siku mbili nikirekebisha faili ambayo kompyuta haikuwa ikiisoma kabisa. Nilishusha toleo jipya, nikabadilisha faili zote, nikairekebisha config.plist, yaani faili ya mipangilio yake, nikawasha. Menyu ikatokea kama kawaida, ila hitilafu niliyokusudia kuiondoa ilikuwa palepale. Nikabadilisha tena, wapi. Mwishowe nikafanya jaribio dogo: kwenye config.plist nikaongeza muda wa menyu kusubiri, yaani Timeout, kutoka sekunde 5 hadi 15. Nikawasha, nikaitazama menyu ikihesabu. Tano, nne, tatu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nikifanya kazi kwenye diski nyingine.

Amri ya `diskutil list` ilinionyesha patisheni mbili zenye jina EFI, yaani sehemu ndogo za diski zinazobeba faili za kuwashia, disk0s1 na disk1s1, kila moja ikiwa na ukubwa wa MB 209.7. Ya pili ilibaki tangu nilipohamisha mfumo kwenye SSD mpya, na ndani yake kulikuwa na folda kamili ya OC. Mimi nilikuwa nikisasisha moja, mashine ikiamkia nyingine. Ukiwa na diski zaidi ya moja, usiamini mazoea; patisheni hizo hufanana jina, na namba za diski zinaweza kubadilika kila unapowasha.

Kuna njia ya haraka kuliko hesabu ya sekunde. Ukishaingia kwenye macOS, fungua Terminal uandike:

`nvram 4D1FDA02-38C7-4A6A-9CC6-4BCCA8B30102:opencore-version`

Thamani inayoonyeshwa huanza na REL au DBG, kisha tarakimu za toleo, kisha tarehe. REL-088 maana yake toleo la 0.8.8 la matumizi ya kawaida. DBG ni lile la kutafutia hitilafu. Tarakimu zikiwa za zamani, basi sasisho lako halikufika mashine inakosoma. Amri isipotoa kitu, angalia thamani ya ExposeSensitiveData kwenye config.plist, kwani ndiyo inayoruhusu toleo kuonekana.

Sasa tuseme una hakika na patisheni, na bado mashine inagoma. Sababu ya kawaida ni kwamba mtu amebadilisha faili moja tu, OpenCore.efi, akadhani kazi imekwisha. OpenCore ni seti. Famuwea ya ubao mama, yaani programu iliyomo ndani ya ubao wenyewe, huitafuta BOOTx64.efi, ambayo kazi yake ni kuiita OpenCore.efi iliyomo kwenye folda ya OC. Hiyo nayo husoma config.plist, kisha hupakia madraiva. Kati ya madraiva hayo, OpenRuntime.efi lazima iwe imetoka kwenye kifurushi kilekile cha OpenCore unayoitumia. Ukiacha ya zamani, maneno ya "Incompatible OpenRuntime" yatatokea kwenye skrini na safari itaishia hapo. OpenCanopy.efi, inayochora menyu yenye picha, nayo huenda pamoja na folda yake ya Resources. Kwa hiyo badilisha vyote kwa mkupuo mmoja, kutoka kifurushi kimoja.

Config.plist ndiyo yenye kazi kubwa. Watengenezaji wa OpenCore huongeza funguo (majina ya mipangilio), huondoa nyingine, na mara kadhaa hubadilisha umbo la sehemu nzima. Mfano mzuri ni toleo la 0.7.3. Kabla yake, orodha ya madraiva ilikuwa majina matupu, jina baada ya jina. Tangu hapo kila draiva ina kisanduku chake chenye Path, Enabled na Arguments. Aliyebeba config ya zamani na kuivukisha mpaka huo alijikuta madraiva hayapakiwi, na bila draiva ya HFS+ (mfumo wa faili wa Apple) au OpenRuntime hakuna pa kwenda. Ufunguo ulioondolewa ukibaki kwenye faili yako, skrini huandika mstari unaoanza na "OCS: No schema for", ukifuatiwa na jina la ufunguo wenyewe. Uliokosekana huandikwa "Missing key". Usiogope mistari hii. Inakutajia ufunguo ulipo, na hakuna hitilafu nyingine kwenye fani hii inayojieleza waziwazi kiasi hicho.

Namna ninavyofanya mimi ni ya polepole na siibadilishi. Ndani ya kila kifurushi kuna faili ya mfano, Sample.plist. Naifungua upande mmoja, yangu upande wa pili, nashuka nazo sehemu kwa sehemu: ACPI, Booter, DeviceProperties, Kernel, Misc, NVRAM, PlatformInfo, UEFI. Kilichoongezwa nakiongeza kwangu, kilichoondolewa nakiondoa. Wapo wanaofanya kinyume, wanaanza na Sample.plist mpya na kuhamishia mambo yao humo. Hapo nina wasiwasi, kwa sababu ni rahisi kusahau. Thamani za Quirks, yaani swichi za kukwepa kasoro za ubao, kwenye Booter za faili ya mfano hazikuandikwa kwa ajili ya ubao wako. Ukizipoteza zako, mashine itafika kwenye menyu vizuri, utachagua macOS, kisha itaganda kwenye mstari wa `[EB|#LOG:EXITBS:START]`. Na namba za PlatformInfo, yaani zile za utambulisho wa mashine (serial, MLB na SystemUUID), zikibadilika, akaunti yako ya Apple itaiona kompyuta ileile kama mashine nyingine.

Ukimaliza, iendeshe ocvalidate, programu ya kukagua config.plist, iliyomo kwenye kifurushi hichohicho kipya. Ya toleo lililopita itakulalamikia mambo yaliyo sawa, au itanyamazia yaliyo na kasoro. Fahamu pia kwamba ocvalidate hukagua maandishi tu. Haijui kama draiva uliyoitaja ipo kweli kwenye folda. Isipokuwepo, utakutana na "Halting on critical error" wakati wa kuwasha.

Baada ya hapo siigusi diski. Naiumbiza flashi kwa FAT32, naweka folda mpya ya EFI humo, na kuwasha kupitia menyu ya kuwashia ya ubao mama. Ikigoma, naichomoa flashi na mashine inaamka kama jana. Lakini kuna mtego hapa: LauncherOption, iliyo chini ya Misc, kwenye Boot. Ikiwa Full, OpenCore hujiandikisha kwenye famuwea kama chaguo la kwanza, na itafanya hivyo hata ikitokea kwenye flashi. Kwa hiyo kwenye nakala ya flashi naiweka Disabled. Wengine hukimbilia kusafisha NVRAM, kumbukumbu ndogo ya ubao mama inayobaki hata mashine ikizimwa, mambo yakivurugika. Inasaidia kweli, ila kwa kawaida hufuta pia orodha ya kuwashia ya famuwea, na aliyeweka Linux pembeni anaweza kukuta chaguo lake limetoweka.

Flashi ikigoma na skrini haisemi lolote la maana, tumia toleo la DEBUG la OpenCore, pamoja na madraiva yake, na uweke Target kwenye config.plist kuwa 67. Faili ya maandishi inayoanza na jina opencore na tarehe itaandikwa kwenye flashi yenyewe. Isome kutoka chini kwenda juu. Mstari wa mwisho kabla ya kimya ndio unaokuonyesha pa kuanzia.

Kama menyu imetokea, umechagua macOS, na mambo yanaharibika baada ya nembo ya Apple, mara nyingi tatizo limehamia kwenye kexti, yaani viendelezi vinavyopakiwa ndani ya macOS yenyewe. Lilu na zinazoitegemea, kama WhateverGreen, zisasishwe pamoja, na kwenye orodha Lilu itangulie. Hapa ongeza `-v` kwenye boot-args, yaani maagizo ya kuwashia yaliyomo kwenye config.plist, ili uyaone maandishi badala ya nembo.

Wale wanaojiandaa kupanda toleo jipya la macOS, anzeni na OpenCore na kexti, mkae nazo siku kadhaa kwenye mfumo mlio nao, ndipo msasishe macOS yenyewe. Mkivifanya vyote jioni moja kisha mashine igome, hamtajua kipi cha kurudisha nyuma. Flashi ya folda ya zamani iliyokuwa ikiwaka, mimi huiandika tarehe kwa kalamu na kuiacha kando ya mashine hadi sasisho linalofuata.