Majani ya zambarau hayaogopi jua

Hapa Malindi wako wanaouficha mti wa yuforbia wa majani ya zambarau chini ya mwembe, wakidai kwamba hauna kijani, kwa hiyo jua litauunguza. Sivyo. Kijani kimo, ila kimefunikwa na rangi iitwayo anthosiyanini. Kivulini ndiko unakopoteza uzuri wake: zambarau hufifia, majani yakaelekea kijani. Uupande juani, penye udongo usiotuamisha maji. Maua usiyatarajie makubwa. Ni vijiua vyeupe, usiposogea karibu huvioni.

Cha kuogopa ni utomvu. Kata kitawi uone maziwa yanavyochuruzika: ni sumu, huwasha ngozi, na yakiingia jichoni ni balaa. Ukipogoa, vaa glavu na miwani, na watoto wasisogee.